Kuchora wanyama wa asili kwenye kuta za mjini: kuanzia kumchagua mnyama hadi kuutunza ukuta

Mkazi wa mjini anaweza kumtaja simba, dubu na penguini bila kufikiri, halafu akashindwa kumtaja ndege anayelala kwenye mti ulio mbele ya dirisha lake. Mchoro wa ukutani unaweza kulirekebisha hilo kwa sharti moja: mnyama anayechorwa awe jirani. Tembo mwenye mabawa ya kipepeo hupendeza machoni, lakini hamfundishi mtu kumtambua kiumbe yeyote. Mwongozo huu ni wa mchoro ambao mpita njia akiuona Jumatatu, aweze kumwona mnyama mwenyewe, akiwa hai, kabla ya Ijumaa.

Hatua ya 1: Mtafute jirani kabla ya kutafuta ukuta mzuri

Piga duara la mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu kuuzunguka mtaa unaoulenga. Ndani yake tembea mara nne: alfajiri, saa sita mchana, magharibi, na saa moja baada ya giza kuingia. Andika kila kiumbe unachokiona au kukisikia, na mahali hasa alipokuwa: kwenye waya, mferejini, juu ya paa, chini ya taa. Kisha linganisha na kumbukumbu za wengine. Tovuti ya iNaturalist, iliyoanza 2008, inaonyesha kwenye ramani mimea na wanyama waliopigwa picha na watu wa kawaida. eBird, iliyoanza 2002, ni ya ndege peke yao na inaonyesha pia ni miezi gani kila ndege huonekana.

Utapata majina kumi hadi ishirini. Sasa futa wageni. Njiwa wa mjini, kunguru wa India, mina na shomoro wa nyumbani wamesambazwa na binadamu mbali sana na asili yao. Wamezoeleka mno hata wengi hudhani ni wenyeji. Usikisie: iNaturalist huweka alama kwenye spishi iliyoletwa kutoka nje ya eneo hilo, na alama hiyo ikikosekana muulize mtu wa makumbusho au idara ya wanyamapori.

Kwa waliobaki, jiulize maswali matatu. Anaonekana bila darubini? Ana umbo ambalo mtu atalikumbuka baada ya kulitazama sekunde tano? Yupo mwaka mzima, au ni mhamiaji wa miezi michache? Mhamiaji anafaa, mradi miezi yake iandikwe ukutani. Kwa ukuta wa kwanza tunashauri mnyama wa kawaida kuliko adimu. Adimu huleta waandishi wa habari, wa kawaida huleta mazoea, na mazoea ndiyo tunayoyatafuta. Ukimchora aliye hatarini kutoweka, usitaje kiota wala tundu lake lilipo, hata kwa dokezo.

Hatua ya 2: Upime ukuta

Ukague kwanza kwa ajili ya wakazi wake. Nyufa, matundu ya hewa na sehemu za chini ya paa huwa na popo, mijusi, nyuki wapweke na viota vya mbayuwayu. Simama umbali wa mita kumi jioni kwa nusu saa uangalie nani anaingia na nani anatoka. Kiota kikiwa na makinda, kazi isubiri hadi waruke. Matundu usiyazibe, na usiyapake rangi kwa ndani. Ni kinyume kabisa kumchora popo kwa kumfungia popo nje.

Kisha ukuta wenyewe. Bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ziba pande zote nne kwa tepu, iache saa 24. Matone yakiwa upande wa ndani, maji yanatoka ukutani, na rangi yoyote utakayoipaka itavimba na kutoka kama ganda. Tafuta chanzo kwanza, iwe bomba linalovuja, mfereji wa paa uliopasuka, au udongo uliorundikwa hadi juu ya msingi. Unga mweupe unaong'aa kwenye matofali ni chumvi iliyoletwa na maji hayo hayo. Usiuoshe kwa maji maana utaurudisha ndani. Uondoe kwa brashi kavu, ngoja wiki mbili, utazame kama unarudi.

Jaribio la pili ni la tepu. Gandamiza tepu ya karatasi kwenye rangi ya zamani kisha uivute kwa haraka. Ikija na vipande vya rangi, rangi hiyo lazima ikwanguliwe. Ukuta uliopakwa chokaa ni mtego wa pekee: rangi ya akriliki hushika chokaa vizuri kabisa, lakini chokaa haikuushika ukuta, na vyote viwili huanguka pamoja. Ikwangue hadi kwenye lipu.

Lipu mpya ya saruji isubiri siku 28 kwa uchache. Kabla ya hapo ina ualkali mkali unaounguza baadhi ya rangi. Buluu ya Prussia, kwa mfano, hugeuka kahawia kwenye lipu mbichi.

Hatua ya 3: Ruhusa, kwa maandishi

Mapatano ya mdomo hayatoshi hata kwa ukuta wa rafiki. Karatasi moja yenye mambo matano inatosha: mmiliki wa jengo ni nani, mchoro utakaa miaka mingapi, nani atarekebisha ukiharibika, nani ana haki ya picha zake, na msanii atapewa taarifa siku ngapi kabla ya kufutwa. Jambo hili la mwisho lina uzito. Kuta za 5Pointz, jengo lililojaa michoro ya wasanii huko Queens, New York, zilifutwa kwa rangi nyeupe mwaka 2013, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru mmiliki awalipe wasanii 21 dola milioni 6.75. Kesi kama hiyo hainufaishi mtaa wala ndege aliyefutwa.

Picha za mnyama nazo zina wenyewe. Usihamishe picha ya mtu mwingine ukutani kama ilivyo. Omba ruhusa ya mpiga picha, au kusanya picha nane hadi kumi za pande tofauti na utengeneze mkao wako mwenyewe.

Hatua ya 4: Mchore alivyo

Hapa ndipo michoro mingi mizuri huharibika. Mtoto anayejifunza kutoka ukutani hubeba kosa la ukutani, kwa hiyo hesabu kabla ya kupaka.

Anza na miguu. Ndege wengi wanaotua kwenye matawi wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kigogota na kasuku wana viwili mbele na viwili nyuma. Kile kinachoonekana kama goti lililopinda kinyume ni kifundo cha mguu; goti lenyewe limejificha juu, ndani ya manyoya. Chura ana vidole vinne kwenye kila mguu wa mbele na vitano kwenye wa nyuma. Kinyonga huwachanganya hata wachoraji hodari: vidole vyake vitano vimefungwa mafungu mawili, na kwenye miguu ya mbele fungu la ndani lina vitatu na la nje viwili, lakini kwenye miguu ya nyuma mpangilio unageuka.

Nyuki ndiye anayekosewa zaidi kuliko wote. Miguu yake sita na mabawa yake manne yote yanatoka kifuani, sehemu ya katikati. Tumboni hapatoki kitu. Ukichora mabawa mawili na vipapasio vifupi, umechora nzi. Ukipaka njano kali na mistari myeusi iliyokatwa safi, umechora nyigu. Nyuki wa asali ana rangi ya kahawia na kaharabu, manyoya mafupi kifuani, na vipapasio vyenye kiwiko. Popo naye bawa lake ni mkono: chora kwanza kidole gumba kidogo kinachotokeza juu, kisha vidole vinne virefu vinavyotandaza ngozi kama mbavu za mwavuli. Bawa lisilo na vidole huonekana kama vazi.

Mkao nao ni habari. Mbayuwayu hutua kwenye waya, lakini jamaa ya teleka, ndege wanaofanana naye, hawatui hivyo. Miguu yao midogo imeumbwa kwa kung'ang'ania kuta na miamba. Na usichore dume peke yake kwa sababu ana rangi kali. Kwa ndege wengi, yule wa kahawia aliyetulia ndiye jike, na watu humkosa kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha.

Jicho lichorwe mwishoni, siku ambayo mkono wako haujachoka. Hakiki rangi ya jicho kwenye picha za mnyama mzima wa umri, maana ndege wengi hubadilisha rangi ya jicho wanapokua. Weka nukta moja tu ya mng'ao, upande uleule ambao jua hasa huupiga ukuta. Nukta mbili humfanya mnyama aonekane kama mwanasesere.

Mweke mnyama kwenye mmea wake. Viwavi wa kipepeo Danaus chrysippus hula mimea ya jamii ya Asclepias na Calotropis, ile yenye utomvu mweupe. Ukimchora kipepeo huyo juu ya waridi la bustanini, umekata nusu ya habari, kwa sababu mtu anayetaka kumwona kesho ataenda kumngojea kwenye ua lisilomhusu kiwavi.

Rasimu ikikamilika, mpe mtu anayemjua mnyama huyo aikague kabla rangi haijafunguliwa. Kosa likiwa kwenye karatasi, kifutio kinatosha. Likiwa ukutani, ni siku mbili za kazi.

Hatua ya 5: Mchore mara mbili

Hili tunalisisitiza kuliko mengine. Mchore mkubwa kwa ajili ya walio mbali, halafu mchore tena kwa ukubwa wake halisi, kwenye kimo cha macho ya mtoto, yaani sentimita 90 hadi 120 kutoka chini. Nyuki wa mita tano ni wa ajabu, lakini aliyemwona huyo peke yake hatamtambua yule wa sentimita moja na nusu aliye kwenye ua. Mdogo huchorwa kwa brashi nyembamba na fremu ya karatasi ngumu iliyokatwa kwa kipimo. Huchukua saa moja, na ndiye watu watakaomgusa.

Wapo waliofuata njia nyingine na ikafaa. ROA, msanii wa Ghent, Ubelgiji, huchora wanyama wa mahali alipo kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kiufundi huo ni uamuzi wa busara: nyeusi ya kaboni na nyeupe ya titani hustahimili jua vizuri sana, na kurekebisha baada ya miaka hakuhitaji kutafuta rangi inayolingana. Mmarekani Matthew Willey amejiwekea lengo la kuchora nyuki 50,000 kwa mkono, mmoja mmoja, kwenye kuta za sehemu mbalimbali, kwa sababu hiyo ndiyo idadi ya nyuki kwenye mzinga wenye afya. Kaskazini ya Manhattan, New York, mradi wa michoro ya ndege ulioanza 2014 na unaohusishwa na National Audubon Society, shirika la kuhifadhi ndege, umetawanya ndege kwenye milango ya chuma ya maduka na kuta ndogondogo, katika mtaa ambao mchoraji wa ndege John James Audubon aliishi na kuzikwa. Ukikosa ukuta mmoja mkubwa, milango ishirini midogo inaweza kufaa zaidi, maana mtu hukutana na ndege mpya kila kona.

Hatua ya 6: Hesabu ya rangi

Chukua ukuta wa mita 8 kwa 5, yaani mita za mraba 40. Lita moja ya rangi ya nje hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwenye lipu laini, na 6 hivi kwenye ukuta wa kukwaruza. Kwa ukuta laini wa wastani nunua lita 5 za praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), lita 10 za rangi ya usuli kwa mikono miwili, lita 6 za rangi za mnyama na mimea zikigawanywa kwenye rangi saba au nane, na lita 8 za vanishi kwa mikono miwili.

Tumia akriliki ya maji ya nje, isiyong'aa. Rangi inayong'aa huonyesha kila kasoro ya lipu na humrudishia mtazamaji jua machoni. Nyekundu na njano nyangavu za bei nafuu ndizo hufifia kwanza. Oka (rangi ya udongo wa manjano) na nyekundu za oksidi ya chuma hudumu. Buluu na kijani za fthalo, aina ya rangi za kutengenezwa kiwandani, ni imara kwenye jua na kwenye ualkali. Kama kifua cha ndege lazima kiwe chekundu kikali, kichore mahali panapopata kivuli mchana.

Changanya kila rangi mara moja kwa kiasi cha kazi nzima, pamoja na akiba ya mililita 200 kwenye chupa yenye jina na uwiano wake. Rangi ukiichanganya upya baada ya mwezi hailingani kamwe.

Hatua ya 7: Kuhamisha na kupaka

Rasimu ya sentimita 80 kwa 50 ni kipimo cha 1 kwa 10. Ipige miraba ya sentimita 5, kisha ukutani piga miraba ya sentimita 50 kwa uzi wa chaki, timazi na pima maji. Utapata miraba 160, 16 kwa 10. Wima uufuate uzi wa timazi badala ya ukingo wa jengo, kwa kuwa kingo za majengo mengi zimeinama kidogo. Ukuta ukiwa na mabomba na madirisha mengi, njia nyingine ni kuchora alama ovyo ovyo ukutani, kuupiga picha, na kuiweka rasimu juu ya picha hiyo kwenye simu. Alama hizo huwa ndizo dira yako. Projekta hufaa usiku tu, na ikisimama pembeni humrefusha mnyama shingo.

Fuata kivuli. Rangi inayopakwa kwenye ukuta wa moto hukauka juu kabla haijashika chini, na maungio ya rola huonekana milele. Acha kazi saa mbili kabla ya jua kuzama penye umande mwingi, na usianze mvua ikitarajiwa ndani ya saa sita. Nenda kutoka juu kwenda chini, kutoka usuli kwenda mbele, kutoka rangi ya kati kwenda giza na mwisho mwanga.

Wajitolea ni baraka wakipangiwa vizuri. Chora mipaka, andika namba ndani ya kila eneo na namba ileile kwenye kopo. Mtu mmoja kwa kila mita moja na nusu ya ukuta, hivyo watano kwa mita nane, na hakuna anayepaka juu ya kimo cha mita 1.8 isipokuwa aliyefunzwa. Ngazi iegemee kwa uwiano wa moja kwa nne: mguu utoke mita moja kwa kila mita nne za kimo. Kimo cha jukwaa lisilofungwa ukutani kisizidi mara tatu ya upana mdogo wa kitako chake. Anayepulizia rangi ya kopo avae barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo.

Brashi zisioshwe kwenye mtaro wa mvua, kwa kuwa mtaro huo huishia kwa vyura. Osha kwenye ndoo mbili, acha maji yatuame usiku kucha, tope likauke na litupwe na taka.

Hatua ya 8: Maneno machache ukutani

Andika jina la mnyama kwa lugha ya watu wa mtaa kwa herufi kubwa kuliko zote, jina la kisayansi dogo chini yake, kisha sentensi moja ya kumwelekeza mtu: "Tazama juu ya paa hili jua linapozama." Herufi ziwe na kimo cha milimita 25 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji, hivyo anayesoma kutoka ng'ambo ya barabara ya mita 12 anahitaji milimita 100. Msimbo wa QR uwe sehemu moja ya kumi ya umbali wa kuuskani, basi sentimita 15 kwa mtu aliye mita moja na nusu, mweusi juu ya nyeupe, wenye ukingo mweupe pande zote. Uchapishe kwenye bati bapa badala ya kuuchora, na utumie msimbo wa kudumu usiotegemea malipo ya kila mwezi, maana ule wa kulipia hufa kabla ya rangi.

Uzinduzi ukiangukia mwishoni mwa Aprili, unaweza kuuambatanisha na City Nature Challenge, shindano la miji la kurekodi viumbe lililoanza 2016 kati ya Los Angeles na San Francisco. Vinginevyo, matembezi ya saa moja kutoka ukutani hadi mnyama mwenyewe alipo yanazidi hotuba yoyote. Taa za kumulika mchoro usiku mzima ziache; huvuta wadudu na kuwasumbua popo. Kama lazima ziwepo, ziwe za mwanga wa manjano, zielekezwe chini, na zizimwe saa nne usiku.

Hatua ya 9: Vanishi na matunzo

Ngoja wiki mbili rangi ikauke sawasawa, kisha piga vanishi siku kavu. Ikipigwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hugeuka kama maziwa na haiondoki. Penye watu wanaochafua kuta kwa maandishi, vanishi ya nta inayotolewa kwa maji ya moto na kupakwa upya huuacha ukuta upumue zaidi kuliko ile ya kudumu, ambayo hufungia unyevu ndani ikiwa ukuta una tatizo.

Sentimita 60 za chini hupigwa na matope, baiskeli na viatu. Zichore nyasi au udongo wa rangi moja au mbili tu, ili mtu yeyote azipake upya kila mwaka bila kumgusa mnyama. Mara mbili kwa mwaka pita na brashi laini na ndoo ya maji, fanya tena jaribio la tepu penye shaka, na ufungue zile chupa za mililita 200. Pitia pia iNaturalist uone kama rekodi za mnyama huyo ndani ya nusu kilomita zimeongezeka. Kama hazijaongezeka, angalia kwanza maandishi: mara nyingi mtu anajua jina la mnyama sasa, ila hakuambiwa asimame wapi na saa ngapi.